Dawa Iliyo Kabatini Haimponyi Mgonjwa

MHADHIRI wa chuo kikuu aweza kugundua njia mpya ya kupima ugonjwa, akaandika makala, akasifiwa na wenzake, na mambo yakaishia hapo. Mgonjwa hafaidi chochote. Chuo si kiwanda, nayo benki haiko tayari kukopesha fedha kwa jambo ambalo halijajaribiwa.

Pengo hilo ndilo serikali ya Marekani iliamua kuliziba kwa sheria. Mwaka wa 1982, ilianzisha mpango wa kuzipa kampuni ndogo fedha za utafiti. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1992, ikaongeza mpango wa pili, ujulikanao kama STTR. Katika huu, kampuni haiombi peke yake. Ni sharti ishirikiane na chuo kikuu au taasisi ya utafiti isiyotafuta faida. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Masharti yake yanastahili kuangaliwa. Kampuni isiyozidi wafanyakazi 500 hufanya angalau asilimia 40 ya kazi, nayo taasisi angalau asilimia 30. Hivyo ni vigumu kwa mmoja kuazima jina la mwenzake ili apate pesa tu. Aidha, pande hizo mbili huandikiana mkataba wa jinsi ya kugawana haki za uvumbuzi utakaopatikana. Fedha hizo si mkopo, wala serikali haichukui hisa.

Kwanza hutolewa kiasi kidogo cha kupima kama wazo lina msingi. Likifaulu, hutolewa fungu kubwa zaidi la kuliendeleza. Katika awamu ya tatu, ya kuingia sokoni, kampuni hujitafutia mtaji kwingine. Kwa upande wa afya, mgawaji mkuu ni Taasisi za Kitaifa za Afya, NIH.

Je, matunda yapo? Chukua mswaki wa umeme wa Sonicare. Mwaka wa 1987, mfanyabiashara David Giuliani aliungana na maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, David Engel na Roy Martin, wakaunda kampuni ndogo. Fedha za NIH, chini ya ule mpango wa 1982, ziliwasaidia. Mswaki huo ulitolewa mwaka wa 1992, na mwaka wa 2000 kampuni hiyo ikanunuliwa na Philips.

Hata hivyo, fedha za umma hazihakikishi bei nafuu. Mswaki wa umeme bado ni ghali kwa wengi. Msomaji asihuzunike: mswaki wa kawaida na dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku, hulinda meno vyema.

Tatizo jingine ni kwamba mipango hii huishi kwa idhini ya muda. Septemba 30, 2025, idhini hiyo ilikwisha kabla ya wabunge wa Marekani kuafikiana. Mtafiti aliye katikati ya majaribio hawezi kupanga kazi ya miaka kwa fedha zisizo na uhakika.

Hapa Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti pamoja na shirika la kitaifa la uvumbuzi. Kwa hivyo vyombo tunavyo. Funzo la Marekani ni kwamba fedha pekee hazitoshi. Mtafiti na mfanyabiashara wafungwe nira moja, kila mmoja ajue sehemu yake, na fedha zifike kwa wakati. Hapo ndipo ugunduzi utakapotoka kabatini na kumfikia mgonjwa.