Nakala ya Kadi Imekataa Kuwaka? Usifute Kadi ya Kwanza

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka wa 2012, ni bamba moja lenye ukubwa unaokaribia wa kadi ya benki. Kwa kawaida haina diski ndani. Mfumo wake na kazi zote za mtumiaji hukaa kwenye kadi ya SD, kama ile ya simu. Shule isiyo na intaneti ya kutegemewa huweza kuweka humo masomo ya Kolibri, na wanafunzi wakayasoma kupitia Wi-Fi ya darasani. Kadi ikiharibika, masomo na alama hupotea pamoja. Kwa hivyo, wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaotumia kompyuta hizi wanashauriwa kuwa na nakala ya kadi.

Wakati mwingine nakala ikiwekwa, mashine haiwaki. Kabla ya kununua nyingine, fuata hatua hizi:

1. Tunza kadi ya kwanza. Usiifute hadi nakala iwake na kujaribiwa.

2. Rudisha kadi ya kwanza kwenye mashine. Ikiwaka, kasoro iko kwenye nakala. Isipowaka, angalia umeme: Raspberry Pi 4 huhitaji volti 5 na ampia 3, na chaja nyingi za simu hazifiki hapo.

3. Kumbuka ulivyonakili. Kadi huwa na sehemu mbili, na Windows husoma ile ndogo tu. Ukivuta faili moja moja, sehemu yenye mfumo hubaki nyuma. Tumia programu inayonakili kadi nzima, na uhakikishe umechagua kadi wala si diski ya kompyuta yako, kwani kosa hapo hufuta kila kitu.

4. Linganisha ukubwa. Kadi mbili zilizoandikwa GB 32 huweza kutofautiana kidogo. Iliyo ndogo haitatosha na nakala itakatika mwishoni. Zipo pia kadi bandia. Ipime kadi mpya kwa programu ya F3 au H2testw kabla ya kuitumia.

5. Linganisha nambari. Kila sehemu ya kadi ina nambari yake, PARTUUID, mfano wa nambari ya kitambulisho cha mtu. Baadhi ya programu huipa nakala nambari mpya, huku mfumo ukiendelea kuitafuta ya zamani. Chomeka nakala kwenye kompyuta ya Linux, andika sudo blkid uone nambari mpya, kisha uirekebishe katika faili mbili: cmdline.txt, na fstab iliyo ndani ya etc. Maneno ya cmdline.txt lazima yabaki mstari mmoja.

6. Hesabu mimweko ya taa ya kijani. Minne humaanisha faili ya start.elf haikupatikana; saba, kiini cha mfumo hakikupatikana. Nakili upya.

Nakala ikishawaka, ibadilishe jina na nywila ikiwa mashine zote mbili zitatumika kwenye mtandao mmoja. Kumbuka pia kwamba nakala hubeba majina na alama za watoto, ambazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ifungie kabatini, mbali na unyevu wa chumvi wa pwani.

Mwisho, zima mashine kwa amri kabla ya kuchomoa waya. Umeme unaokatika ghafla ni miongoni mwa mambo yanayoharibu kadi, na nakala ya jana ndiyo itakayookoa kazi ya mwaka mzima.