Mwongozo wa Homa Bay Ulioandikwa Zamani

Msemaji wa Kiswahili anayelisikia jina Homa Bay kwa mara ya kwanza aghalabu hufikiria maradhi. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Pwani aliwahi kuniuliza darasani iwapo ghuba hiyo iliitwa hivyo kwa sababu ya malaria. Nilicheka, kisha nikajilaumu kwa kucheka, maana swali lake lilikuwa la haki. Jina hilo halihusiani kamwe na homa ya mwili. Wenyeji hulihusisha na mlima ulio kwenye rasi ya Karachuonyo, ambao huuita God Marahuma, yaani mlima wenye sifa, mlima mashuhuri. Sehemu ya jina hilo ilivishwa neno la Kiingereza la ghuba, na hivyo mlima uliosifika ukageuka ugonjwa masikioni mwa jirani anayetoka Mombasa au Tanga.

Kijana yule angelipata wapi jambo hilo? Si katika vitabu vya mwongozo vinavyobebwa na watalii. Kile nilichosafiri nacho safari yangu ya kwanza kilikuwa kimeandikwa na mgeni kwa ajili ya wageni. Kiliutengea mji wa Homa Bay aya chache: mahali pa kulala, magari ya kwenda Mbita, na mbuga ya Ruma ambako korongo, swala mkubwa aliyetoweka kwingineko nchini Kenya, angali anapatikana. Migori ilitajwa kama mahali pa kubadilisha gari kabla ya kuvuka mpaka pale Isebania. Simlaumu mwandishi wake. Aliandika alichokiona kutoka dirishani.

Linalonikera ni letu sisi. Waswahili walianza zamani kuandika juu ya safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha masimulizi ya wasafiri wa Kiswahili katika mkusanyo uitwao *Safari za Wasuaheli*, na mwaka 1932 Martin Kayamba wa Tanganyika akatoa *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili aliweza kuzuru London kwa macho ya Mwafrika mwenzake miaka zaidi ya tisini iliyopita. Kuizuru Homa Bay kwa njia hiyo, kwa Kiswahili, hawezi hata leo.

Hata hivyo mwongozo upo, ingawa haukuitwa hivyo. Mwaka 1938 Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo (asichanganywe na Tom Mboya wa Rusinga, waziri aliyeuawa Nairobi mwaka 1969), alichapisha kwa Dholuo kitabu *Luo Kitgi gi Timbegi*, kuhusu desturi na matendo ya Wajaluo. Haikuwa ajabu kitabu kama hicho kuandikwa na mtu wa Karachuonyo. Wamisionari Waadventista, wakiongozwa na Arthur Carscallen, walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na mwaka 1913 kikaanzishwa hapo kiwanda kidogo cha chapa. Sarufi ya Dholuo ilichapwa hapo. Watu wa eneo hilo walizoea mapema kuiona lugha yao ikiwa imepigwa chapa, na anayeiona lugha yake kitabuni hachelewi kutamani kuiandika mwenyewe.

Kitabu cha Mboya hakina ramani wala bei ya vyumba. Lakini niliposafiri nacho kutoka Homa Bay hadi Mbita, nilianza kuona vitu ambavyo nilikuwa nimevipita mara nyingi bila kuviona. Chukua boma la Kijaluo, dala. Mgeni huona nyumba zilizotawanyika uani, moja hapa, nyingine pale, kana kwamba kila mtu alijenga alipopenda. Sivyo. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, huwa juu, ikitazamana na lango kuu. Nyumba ya mke wa pili, nyachira, hukaa upande mmoja, na ya mke wa tatu, reru, upande wa pili. Wavulana waliobaleghe hujenga karibu na lango, na kibanda cha kijana huitwa simba. Naam, simba, hapa tena Kiswahili na Dholuo vinachekeana. Anayeijua sarufi hiyo aweza kupita barabarani na kusoma boma kama ukurasa: huyu ana wake wangapi, wanawe wamefikia wapi, nani bado hajatoka kwenda kuanzisha boma lake. Mabati na matofali ya leo yamebadilisha sura ya nyumba. Mpangilio wake haujabadilika sana, na palipo na mabadiliko ndipo penye habari.

Hilo ndilo tofauti kubwa kati ya mwongozo wa mgeni na wa mwenyeji. Wa kwanza hukuambia pa kwenda. Wa pili hukuonyesha kilicho mbele yako tayari.

Nisije nikaeleweka vibaya, mwenyeji naye ana upofu wake. Mboya alikuwa chifu na Mkristo aliyeandika juu ya Wajaluo, na atakayeufanya mwongozo wake kuwa pekee atafika Rusinga na Mfangano akidhani hapajawahi kusemwa lugha nyingine. Mwanafunzi wa isimu hahitaji darubini kutambua kwamba majina ya visiwa hivyo yana sura ya Kibantu. Ni nchi ya Wasuba. Marehemu Profesa Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake Franz Rottland walichapisha mwaka 1992 utafiti kuhusu jinsi Wasuba walivyoihama lugha yao na kuingia katika Dholuo. Wako Wasuba wengi wanaojitambulisha kwa fahari kuwa Wasuba, na wanaitamka fahari hiyo kwa Dholuo. Kisiwani Mfangano yapo makumbusho ya jamii ya Abasuba na michoro ya kale miambani, pale Kwitone na Mawanga. Majina ya miamba, vijito na ghuba ndogo ndiyo huenda yakawa hazina ya mwisho ya Kisuba, kwa kuwa jina la mahali hudumu midomoni hata baada ya sentensi kusahaulika. Majina hayo yasipoandikwa sasa na wenye kujua maana yake, yatabaki sauti tupu.

Ukivuka kuingia Migori, somo hili huwa kali zaidi. Kaskazini-magharibi mwa mji huo zimesimama kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Zilijengwa yamkini katika karne ya 16, bila udongo wala saruji, na mahali pengine zinapita urefu wa mita nne. Mgeni hupiga picha na kuondoka. Mimi hubaki nikilitafakari jina. Thim ni mwitu, lich ni cha kutisha, ohinga ni ngome. Jina la kwanza halisemi juu ya mawe bali juu ya miti! Kwangu hii ni dalili kwamba waliolitoa waliikuta ngome imekwisha kumezwa na vichaka. Wajenzi waliiitaje? Jina lao halikutufikia, na Wajaluo walioishi humo baadaye walihifadhi kumbukumbu ya walivyopakuta.

Migori vilevile si ya kabila moja. Wajaluo, Wakuria, Wasuba na wengine wanakutana katika masoko yake, na darasa moja la sekondari laweza kuwa na lugha mama nne. Kwa hiyo swali la lugha ya kuandikia haliepukiki. Ukiandika mwongozo kwa Dholuo, umemfungia Mkuria mlango. Kwa Kiingereza, umemwandikia mgeni yule yule. Najua wenzangu wanaotetea lugha za mama watanikemea, na ni haki yao, lakini katika kaunti hizi mbili Kiswahili ndicho kinachoweza kumpeleka jirani nyumbani kwa jirani, mradi majina na maneno ya wenyewe yabaki yalivyo, na maelezo yatolewe kando yake.

Kazi hiyo haihitaji wizara. Inahitaji mwalimu, daftari, na mtoto wa kumuuliza nyanya yake kilima kile kinaitwaje na kwa nini. Majibu yakipingana, yaandikwe yote.

Nakala yangu ya Mboya siko nayo. Niliiazimisha kwa mwalimu mmoja mkongwe wa Migori, na nilipompigia simu kuidai aliniomba nimvumilie. "Daktari," alisema, "tumefika kwenye ujenzi wa boma." Huwasomea wanafunzi wake kwa Dholuo, kisha huwafasiria kwa Kiswahili kwa sababu baadhi yao ni Wakuria, na hao Wakuria humkatiza kila mara kumweleza kwao lango hukaa wapi. Jioni huyaandika yote daftarini. Nimemwambia akae nacho.