Amplifaya Inawaka Lakini Haitoi Sauti: Tufanyeje?



Zaburi ya 150 inataja vyombo vingi vya kumsifu Mungu, na vya nyuzi vimo. Basi gitaa lina nafasi yake kanisani, na kwaya zetu za hapa Ganda zalijua hilo. Lakini gitaa la stima bila amplifaya ni kama kengele iliyofungwa kitambaa.

Vijana wetu walijiundia amplifaya ya valvu, kwa transfoma na vipuri vya redio kuukuu. Siku ya kuijaribu valvu ziliwaka vizuri, gitaa likapigwa, lo, kimya! Mmoja akasema valvu zimekufa, zinunuliwe mpya. Mwingine akachomoa plagi, akatia mkono ndani, akapigwa na stima hata akaanguka kando. Mungu alimnusuru. Ndiyo sababu tumeona tuandike haya.

Tahadhari kabla ya hatari

Kijana yule alidhani plagi ikishatoka, stima imekwisha. Sivyo. Umeme wa nyumbani ni volti 240, lakini ndani ya amplifaya ya valvu transfoma huupandisha, mara nyingi volti 250 hadi 400. Kapasita kubwa huuhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kutolewa, kama mtungi unaobaki na maji bomba likifungwa.

Kwa hivyo chomoa plagi kwanza. Kisha unganisha rezista ya kiloomu 10, ya wati 5 au zaidi, kati ya kapasita na chasisi, ukiishika kwa waya wenye ganda la plastiki. Ngoja nusu dakika, halafu hakikisha kwa mita kwamba volti zimeshuka karibu na sufuri. Usifanye kazi hii peke yako, wala miguu mitupu kwenye sakafu yenye unyevu.

Jambo lingine: redio fulani za zamani hazikuwa na transfoma ya kutenga stima ya nyumba, na chasisi yake iligusana nayo moja kwa moja. Usiunde amplifaya ya gitaa kwa mtindo huo kabisa. Nyuzi za gitaa zenyewe zitakuwa na stima, na mpigaji anaweza kufa. Waya wa ardhi nao ufungwe imara kwenye chasisi.

Anza na vilivyo nje

Jaribu waya mwingine wa gitaa, na gitaa jingine. Kisha zima, tenga spika, uiguse kidogo kwa betri ya tochi ya volti 1.5. Ikitoa mlio wa "tap", ni nzima. Irudishe kabla ya kuwasha tena, maana amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika yaweza kuunguza transfoma ya sauti.

Je, valvu zinawaka?

Kama hakuna hata moja inayowaka, angalia fyuzi, swichi na transfoma. Fyuzi ikikatika, weka ya kiwango kile kile. Ati karatasi ya pakiti ya sigara? Hapana, hiyo ni kuita moto nyumbani. Ikikatika tena, kuna mahali pamegusana: huenda ni rekitifaya, kapasita, au valvu ya mwisho.

Kama ni moja tu isiyowaka, huenda miguu yake imeshika kutu. Sisi wa pwani tunajua hewa ya chumvi inavyokula chuma. Zima, itoe ikiwa imepoa, safisha miguu na soketi.

Zinawaka, lakini kimya

Sasa tega sikio kwenye spika. Ukisikia mngurumo mdogo au mvumo, sehemu ya mwisho iko hai. Tatizo liko mbele: jeki ya gitaa, kidude cha volyumu, au valvu ya kwanza.

Usiposikia chochote kabisa, pengine umeme mkubwa haufiki kwenye valvu ya mwisho. Hapa mwite fundi mwenye mita ya kupima hadi volti 1000. Afunge waya mweusi kwenye chasisi kwa klipu, apime kwa mkono mmoja, mwingine uwe nyuma. Apime pande zote mbili za waya wa kwanza wa transfoma ya sauti. Volti zikiwa upande mmoja tu, waya huo umekatika. Valvu ya EL84 katika hali hiyo yaweza kuwa nyekundu ndani. Zima mara moja!

Kilichopatikana

Amplifaya ya vijana wetu ilikuwa na mngurumo mdogo, kwa hivyo tukaanzia mbele. Jeki ya gitaa ina mguu unaotakiwa kuachana na mwenzake plagi inapoingia. Wao waliulehemu waya mahali pasipo, na sauti yote ikawa inaishia kwenye chasisi. Tukahamisha waya mmoja, gitaa likalia. Valvu hazikuwa na hatia yoyote.

Hapo ndipo penye funzo la pesa. Valvu siku hizi hutengenezwa nchi chache, hasa Uchina, Urusi na Slovakia, na kuziagiza ni gharama. Shilingi za sadaka zisitumike kwa kubahatisha. Pima kwanza, nunua baadaye.

Vijana, endeleeni kuunda na kujifunza. Wazazi, msiwakataze, ila hakikisheni yupo mtu mzima anayeelewa stima. Tunataka kwaya yenye sauti, na waimbaji wote wakiwa hai.