Ng'ombe Aliyebeba Kilimia

Saa tatu usiku mwezi wa Januari, mtu akisimama gizani pale Lindi au Malindi na kuelekea kaskazini, ataona juu sana nyota yenye wekundu wa kaa la moto. Hiyo ndiyo Dabarani, jicho la kundinyota la Ng'ombe. Jina lake ni la Kiarabu, maana yake "inayofuata": hutoka baada ya Kilimia, shada la nyota, ikakiandama usiku kucha bila kukifikia. Ni nyota iliyozeeka ikavimba, upana wake umelizidi Jua mara 40 na ushei, na nuru yake husafiri miaka 65 hivi kabla ya kutufikia.

Kwa Wagiriki, ng'ombe huyu ni Zeus, mungu wao mkuu. Alimtamani Europa, binti mfalme wa Foinike, akajigeuza fahali mweupe mpole na kumsogelea ufukweni. Binti alipompanda mgongoni, fahali akajitosa baharini, akaogelea naye hadi Krete. Ndiyo maana, husimuliwa, angani tunaona kichwa, pembe na mabega tu. Sehemu ya nyuma imo majini.

Karibu na ncha ya pembe moja, mwaka 1054, Wachina waliona nyota mpya iliyong'aa hata mchana kwa siku 23. Ilikuwa nyota iliyolipuka, na wingu la mabaki yake bado linatanuka.

Lakini hazina ya Ng'ombe ni Kilimia, shada la nyota lililo begani mwake. Wagiriki waliziita mabinti saba wa Atlas, jitu la hadithi zao. Macho matupu huona sita au saba; Galileo alipoelekeza darubini yake akachora 36, na leo zinajulikana zaidi ya 1,000. Waswahili hawakuhitaji hesabu hiyo. Walikiita Kilimia kwa kazi yake, kulima, wakakitumia kubashiri majira: kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua.

Kuzama huko hutokea magharibi jioni za mwisho wa Aprili na Mei, masika yakiwa yamepamba moto, Jua linapokaribia upande huo wa anga na kukimeza Kilimia katika mwanga wake. Mwezi wa Juni huchungulia tena mashariki, juu ya bahari, kabla ya mapambazuko. Dabarani hukifuata siku kadhaa baadaye.