Oda 500 Zikiingia Mara Moja, Apu Yako Itashikilia? Kutana na Broka Anaitwa RabbitMQ

Tuseme umetengeneza apu ya kuuza viatu vya mtumba. Ijumaa jioni video yako inashika TikTok, oda zinaingia kama mvua. Kwa kila oda, apu inafaa ilipishe, itume SMS na iite boda. Ikingoja zote ziishe ndio imjibu kastoma, SMS ikikwama kidogo tu yeye anabaki akiangalia kaduara kakizunguka. Anatoka, doo imeenda. Noma.

Hapo ndio unahitaji broka. Si wale wa ploti, huyu ni wa meseji. RabbitMQ ilitoka 2007 na ni ya bure.

Inafanya aje? Cheki ofisi ya parcel ya matatu. Humtafuti dere umpe mzigo mkononi. Unauacha kwa kaunta ukiwa umeandikwa "Kisumu", unajitoa. Msee wa kaunta anasoma, anauweka kwa rundo la Kisumu. Kwa RabbitMQ, huyo msee anaitwa eksichenji, rundo ni foleni, na neno uliloandika ni ki ya rauti. Apu inaacha oda hapo, inamjibu kastoma chap chap, kazi zingine zinafanyika nyuma ya pazia.

Eksichenji utatumia sana ni hizi tatu:

- direct: neno lazima lifanane kabisa. "sms" inaenda tu kwa foleni iliyofungwa na "sms".
- fanout: haisomi kitu. Kila foleni iliyofungwa hapo inapata kopi yake.
- topic: inaangalia mpangilio wa maneno. Foleni ya "oda.*.nairobi" itapata "oda.viatu.nairobi". Nyota ni neno moja tu, # ni maneno yoyote, hata yakikosekana.

Kuiwasha, ukiwa na Docker, andika hii:

docker run -d --name broka -p 5672:5672 -p 15672:15672 rabbitmq:management

Halafu fungua localhost:15672 kwa browser. Jina ni guest, paswadi pia guest. Badilisha hizo kabla uweke seva yako kwa intaneti, ama wajanja watakutembelea.

Sasa skiza vizuri, hapa ndio pesa hupotelea. Weka foleni iwe durable na meseji ziwe persistent, ndio broka akizimika na kuwaka tena azikute. Pia zima ack ya automatiki. Ack ni kama kusaini umepokea mzigo. Ukisaini kabla kazi iishe na stima zipotee katikati, hio oda imeenda na hakuna atakayeirudisha. Saini mwisho. Usiposaini, broka atairudisha kwa foleni mwingine aishike.

Lakini hio inamaanisha meseji moja inaweza kuja mara mbili. Kwa hivyo kila oda iwe na namba, na uiangalie kabla ya kulipisha. Kastoma akikatwa doo mara mbili, hatataka kusikia story za broka.