Je, Wajua? Kila Kitufe na Mahali Pake

Je, wajua kwamba Fungua, Funga na Futa ni vitufe vitatu hatari kukaa jirani? Vyote vinaanza na FU, vina urefu unaokaribiana, na kimoja kinaangamiza kazi. Mfikirie mhudumu wa mapokezi kwenye lodge ya Karatu saa kumi na mbili asubuhi: magari ya kwenda kreta ya Ngorongoro yamewaka, wageni wanadai risiti, na macho yake yanasoma herufi mbili za kwanza tu. Mtengenezaji makini hukitenga Futa pembeni kabisa, huacha nafasi tupu kati yake na wenzake, na hahakikishi tu kwamba programu inauliza kabla ya kufuta: huhakikisha pia kwamba Enter haimaanishi “ndiyo”. Herufi ya njia ya mkato nayo haiwezi kuwa F kwa vyote vitatu. Agawe mapema: F, G na T.

Je, wajua kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004? Tangu hapo hakuna sababu ya programu ya ofisi kumsemesha Mtanzania Kiingereza peke yake.

Je, wajua kwamba mwongozo wa IBM unashauri neno la Kiingereza lenye herufi zisizozidi 10 liachiwe nafasi mara mbili hadi mara tatu ya urefu wake linapotafsiriwa? Ukikipa kitufe upana wa nukta 60 usiobadilika, “Save as” inaenea vizuri, lakini “Hifadhi kwa jina jingine” inakatwa katikati. Mteja akikuza maandishi kwa sababu macho yamechoka, kitufe cha mwisho kinatoka nje ya dirisha na hakibofyeki tena.

Ndiyo maana programu hupewa mpangaji, yaani sehemu inayogawa nafasi yenyewe kila dirisha linapovutwa. Lugha ya programu ya Java, iliyotangazwa na kampuni ya Sun mwaka 1995, inao mpangilio wa sehemu tano: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi na katikati. Kaskazini na kusini huchukua upana wote wa dirisha, na katikati humeza nafasi yote inayobaki. Aliyekulia Ngorongoro ataushika haraka, kwani boma la Kimaasai nalo lina nyumba ukingoni na mifugo katikati. Ila kila sehemu hubeba kitu kimoja tu. Ukitia vitufe viwili kusini, cha kwanza hakionekani, na wanafunzi wengi hukesha wakikitafuta. Panga vitufe kwenye paneli, yaani kibebeo cha vitu vingi, kwanza, kisha iweke paneli hiyo kusini.

Je, wajua kwamba wanaotumia lugha ya Python na tkinter, chombo chake cha kujenga madirisha, wana wapangaji watatu: pack, grid na place? Chombo hicho kinatokana na Tk ya John Ousterhout wa Berkeley. Usichanganye pack na grid ndani ya fremu moja. Matoleo ya zamani yaliganda kabisa, ya sasa hutoa kosa.

Mwaka 1954 Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba mkono hufika haraka kwenye kitu kikubwa kilicho karibu. Kitufe cha malipo, kinachobofywa kutwa nzima, kisiwe kidogo kuliko nembo ya kampuni.

Je, wajua kwamba Windows huweka “Sawa” kushoto kwa “Ghairi”, na Mac huviweka kinyume chake? Kwa ndugu zetu wa Oman wanaotumia Kiarabu, dirisha zima hugeuka na kuanzia kulia.

Je, wajua kwamba Kiiraqw, lugha ya wengi hapa Karatu, huandikwa kwa mkwaju (/) kama herufi ya sauti ya kooni? Windows na Linux hazikubali alama hiyo kwenye jina la faili, kwa hiyo kisanduku cha maneno ya Kiiraqw kisijaze jina la faili moja kwa moja.

Kijana unayetengeneza programu ya lodge, ghala la kahawa au duka la pembejeo: andika vitufe kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, likunje dirisha hadi lifike nusu ya skrini, kisha mwite atakayeitumia akae mbele yake kabla hujamkabidhi.