Roketi ya mwanao isirudi imechanika

Nchini Marekani, kurusha roketi ndogo za karatasi ngumu ni mchezo wa familia nzima. Mzazi unayeishi huko, huenda mwanao ameshakuomba umnunulie. Ni mchezo mzuri wa kumfundisha sayansi, lakini kuna hitilafu moja ambayo huwaliza watoto wengi: roketi inapaa vizuri, parachuti inafunguka, kisha bomba linachanika kutoka juu kwenda chini, mfano wa zipu.

Kwa nini linachanika?

Injini ikishamaliza kusukuma, roketi huendelea kupaa kwa kasi inayopungua. Baada ya sekunde chache, injini hulipua baruti kidogo inayosukuma pua na parachuti nje. Wakati salama ni roketi inapofika kileleni, kasi ikiwa ndogo kabisa.

Parachuti ikitoka mapema, roketi bado inakimbia kwenda juu. Ikichelewa, tayari inaporomoka. Kwa vyovyote parachuti huivuta ghafla, na kamba inayoiunganisha na bomba hukata ukingo wa karatasi kama uzi unavyokata sabuni.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, soma namba ya injini. Katika C6-5, tarakimu ya mwisho ina maana kwamba parachuti itatolewa sekunde 5 baada ya injini kuacha kusukuma. Roketi nzito hufika kileleni mapema, hivyo huhitaji sekunde pungufu ya hapo. Fuata injini zilizopendekezwa kwenye boksi.

Pili, tumia kamba ndefu. Wengi huchukua urefu wa roketi mara tatu au zaidi, sehemu yake ikiwa mpira unaonyumbuka ili kupunguza mshtuko.

Tatu, linda ukingo wa bomba. Uzi mwembamba wa Kevlar hauungui kirahisi, lakini ndio unaokata zaidi. Ufanye mfupi usifike mdomo wa bomba, kisha uungwe na mpira mpana. Wengine huvalisha kamba kipande cha sponji pale inapogusana na ukingo.

Nne, weka karatasi maalumu isiyoshika moto chini ya parachuti. Parachuti iliyoungua haifunguki, na roketi hushuka kama jiwe.

Bomba likishachanika, usilifunike kwa gundi ya karatasi ukarusha tena. Kata sehemu mbovu iwe sawa, kisha unga kipande kipya.

Usalama wa mtoto kwanza

Mchezo huu ulianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1950, pale G. Harry Stine na Orville Carlisle, mwenye duka la viatu, walipoanza kuuza injini zilizotengenezwa tayari. Wakati huo vijana walikuwa wakijeruhiwa kwa kujichanganyia baruti wenyewe. Funzo hilo halijachakaa: mtoto asitengeneze injini nyumbani kamwe.

Roketi iwashwe kwa umeme wa betri, watu wakiwa angalau mita 5 mbali kwa injini za D na ndogo zaidi. Isipowaka, toa ufunguo wa usalama na subiri sekunde 60 kabla ya kuisogelea. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, iacheni hapo hapo. Roketi nyingine itanunuliwa.